Jua na Nguzo Zikutane Wapi?

Ukipita Garsen mchana utaona mabati yaliyobebeshwa paneli, na chini ya ukingo wa mabati hayohayo utaona waya wa Kenya Power ukitoka kwenye nguzo na kuingia ukutani. Jengo moja, stima mbili. Mazungumzo ya sola huku kwetu huwa ni ya ukubwa wa paneli, bei ya betri na lini deni la kifaa litaisha. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo kwangu ndilo la kwanza: stima hizi mbili zinakutania wapi ndani ya jengo, na zinakutana vipi? Ule waya mfupi unaotoka kwenye inveta kwenda kwenye bodi ya stima, ambao pengine haufiki hata mita mbili, ndio unaoamua kama sola itamfaa mwenye jengo au itamtia hasara na hatari. Nami nashikilia kwamba kwa Tana River kuna namna moja ya kuunganisha inayostahili kuwa ndiyo desturi. Njia za stima za jengo zigawanywe katika bodi mbili. Bodi ya mambo ya lazima ilishwe na jua, gridi ikae nyuma yake kama akiba, na umeme wa jua usirudi kwenye nguzo ila kwa kibali na kwa mita iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Msimamo huo unatokana na jinsi stima ilivyofika huku. Maji ya mto Tana yanazungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano yenye uwezo wa karibu megawati 600 kwa jumla, kabla mto haujafika Garissa, Hola na hatimaye kuingia delta. Kwa miaka mingi watu wa chini ya mto walipata mafuriko na ukame wa mto huo kuliko walivyopata umeme wake. Laini kubwa ya kilovolti 220 inayotoka Rabai, ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu, ilijengwa katika muongo uliopita tu. Mwaka 2015 serikali ilipunguza ada ya kuunganishiwa stima kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kuiwazia nguzo zikaipata. Wakati huo tayari sola ilikuwa imeshatangulia vijijini: taa mbili, chaji ya simu, redio. Na mwaka 2017 Tana River ikawa miongoni mwa kaunti 14 zilizowekwa katika mradi wa K-OSAP, uliogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili kufikisha sola mahali ambapo gridi haifiki. Kwa hiyo jengo la Garsen, Minjila au Ngao lenye stima za aina mbili si jambo la ajabu. Ndivyo kaunti ilivyokua, nguzo ikitoka upande mmoja na jua upande mwingine.

Sasa mwenye jengo huyu anataka nini? Hapo ndipo ushauri mwingi unaotoka Nairobi unapokosea. Mwenye kiwanda cha Barabara ya Viwandani anatazama bili. Anataka mchana paneli zimpunguzie uniti anazonunua, na stima ikipotea ana jenereta kubwa ya dizeli uani. Mwenye duka la dawa Garsen anatazama giza. Anaishi karibu na mwisho wa laini ndefu inayopita msituni na kwenye tambarare za mafuriko, na hitilafu yoyote kati ya Rabai na kwake ni hitilafu yake. Nchi nzima ilipozimika tarehe 25 Agosti 2023, na tena tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, wengine walijifunza kwa mshtuko jambo ambalo watu wa mwisho wa laini hulijua mwaka mzima. Mtu huyu hanunui sola ili alipe kidogo. Ananunua ili friji ya insulini isizime.

Tofauti hiyo ya nia inadai tofauti ya kifaa, na wengi hawaijui mpaka wamekwisha kulipa. Kuna inveta inayofuata gridi. Hii husikiliza mdundo wa umeme wa nguzo, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde, na kusukuma umeme wa jua ndani yake kwa mdundo uleule. Nguzo ikizimika, inveta hii nayo inajizima mara moja. Haijaharibika inapofanya hivyo. Imeundwa hivyo makusudi ili isiendelee kuulisha waya ambao fundi wa laini anaamini umekufa. Matokeo yake ni kwamba saa sita mchana, jua la Garsen likiwa utosini, paneli za shilingi laki kadhaa zinakaa juu ya bati bila kutoa hata wati moja kwa sababu nguzo imezimika. Mwenye jengo anamwita fundi kulalamika kwamba sola ni mbovu. Sola ni nzima, na inveta imetii sheria yake. Aliyekosea ni aliyemuuzia mtu wa Garsen dawa ya ugonjwa wa mtu wa Nairobi.

Inveta ya pili ndiyo inayosimama yenyewe. Inachukua umeme wa paneli na wa betri, inatengeneza mdundo wake wa volti 240, na inaweza kuendelea siku nzima hata kama hakuna nguzo kabisa. Ya tatu, ambayo mafundi wanaiita haibridi, inachanganya kazi hizo. Ina mlango wa kuingizia stima ya nguzo, mlango wa betri, mlango wa paneli, na mlango wa kutolea umeme kwenda kwenye mizigo. Nguzo ikiwapo inaweza kuitumia kuchaji betri. Nguzo ikipotea, swichi yake ya ndani inajitenga na gridi na mizigo inaendelea bila kutambua. Kwa duka, zahanati, ofisi ya chifu, msikiti au shule ya huku, hii ndiyo inayofaa. Lakini kuichagua ni nusu ya kazi tu. Nusu nyingine iko kwenye bodi.

Kabla ya kufika kwenye bodi, nimjibu anayeuliza kwa nini tusiuze umeme wa ziada. Swali ni la haki, na sheria ipo. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 162, inamruhusu mtumiaji mwenye mtambo wa nishati jadidifu usiozidi megawati moja kuomba makubaliano ya mita ya pande mbili, na kanuni zake zilitoka mwaka 2024. Lakini tazama hesabu yake. Kwa kila uniti unayopeleka kwenye gridi, unahesabiwa nusu uniti. Chukua duka lenye paneli za kilowati mbili. Kwa jua letu, ukiondoa hasara za joto na vumbi, litapata kama uniti nane kwa siku. Tuseme mchana linatumia tatu. Tano zinazobaki zikienda kwenye nguzo, usiku linarudishiwa mbili na nusu. Tano hizohizo zikiingia kwenye betri nzuri ya lithiamu, zinatoka kama nne na nusu, na zinatoka hata nchi nzima ikiwa gizani. Betri ina bei yake, hilo sikatai, na baada ya miaka itachoka. Ila inakupa kitu ambacho gridi haikupi kwa bei yoyote, yaani umeme wakati gridi haipo.

Kwa nyumba ya kawaida hoja ya kuuza ni dhaifu zaidi. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya majumbani imepangwa kwa madaraja matatu, na anayetumia chini ya uniti 30 kwa mwezi yuko kwenye daraja la chini kabisa. Familia ya taa, televisheni na simu iko humo. Kuiwekea mtambo mkubwa ili ipunguze bili ambayo tayari ni ndogo ni kuitia deni bure. Wapo wanaofaidika na mita ya pande mbili, na sitaki kuwafungia mlango. Chuo Kikuu cha Strathmore huko Nairobi kiliweka paneli za kilowati 600 mwaka 2014, na taasisi yenye mzigo mkubwa wa mchana na mapaa mapana ina sababu ya kuzungumza na Kenya Power. Kinu cha mpunga au ghala la baridi katika delta linaweza kuwa na sababu hiyohiyo. Basi waombe, wapewe mita, wawekewe inveta yenye kinga zinazotakiwa. Kwa walio wengi, waya wa sola usitazame nguzo.

Hapa nafika kwenye jambo linalonikera kuliko yote, nalo ni ule waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja unachomekwa kwenye inveta, upande wa pili kwenye soketi ya ukutani, na kwa njia hiyo nyumba nzima inapata umeme wa sola kupitia soketi moja. Haina gharama, inafanya kazi palepale, na fundi asiye na leseni anasifiwa kwa ujanja. Itazame kwa karibu. Ukichomoa upande wa ukutani wakati inveta inawaka, vile vidole vya plagi vilivyo mkononi mwako vina volti 240 wazi. Mtoto akiiokota imekwisha. Na soketi ile haijui kwamba ulitaka umeme uende kwenye taa tu. Unaingia kwenye bodi, unapita swichi kuu kama haikuzimwa, unapita mita, unapanda waya hadi kwenye transfoma. Transfoma haina upande wa mbele na wa nyuma. Ile inayoshusha volti 33,000 ziwe 240 ndiyo inayopandisha 240 ziwe 33,000.

Fundi mwenye ujuzi atanipinga hapa. Atasema inveta ya kilowati mbili haiwezi kulisha kijiji. Ikikutana na mzigo wa majirani wote itaelemewa na kujizima ndani ya sekunde. Kweli, laini ikiwa nzima na majirani wote wameunganishwa. Lakini nguzo hazizimiki siku zote kwa laini nzima. Mti umeangukia waya baada ya nyumba ya tatu, au maji ya mto yamelaza nguzo mbili na mafundi wamefungua fyuzi za transfoma ili wafanye kazi. Sasa upande ule umebaki na nyumba mbili, pengine moja. Mzigo ni mdogo, inveta haielemewi, inaendelea kusukuma. Na wakati huohuo ndipo mtu yuko juu ya nguzo. Hali inayoiokoa laini siku ya kawaida ndiyo inayokosekana siku ambayo fundi ameshika waya kwa mikono yake. Ndiyo maana sikubali kinga ya aina ya "itajizima yenyewe."

Tena hasara inamrudia mwenyewe. Nguzo ikirudi ghafla huku inveta inayosimama yenyewe imeunganishwa nayo, midundo miwili isiyolingana inagongana, na vipande vya umeme vilivyo ndani ya inveta huungua kabla hujakimbilia swichi. Mita nazo zina tabia yake. Mita nyingi za tokeni huhesabu umeme unaopita bila kujali unakwenda upande gani, kwa kuwa zilitengenezwa kuzuia wizi. Anayesukuma umeme wake kwenye nguzo kwa njia ya uchochoroni anaweza kukuta jua lake mwenyewe linamla tokeni.

Basi bodi mbili. Fundi anaanza kwa kuketi na mwenye jengo na kuuliza ni kitu gani kikizimika usiku huu kitaleta madhara. Kwa zahanati ni friji ya chanjo, taa ya chumba cha kujifungulia, taa za nje, chaji ya simu na kompyuta. Kwa duka ni friji moja, taa, mashine ya malipo. Birika la umeme, pasi, jiko la koili na mashine ya kuchomelea havimo. Vile vya lazima vinahamishiwa kwenye bodi ndogo mpya. Vilivyobaki vinakaa kwenye bodi ya zamani na vinaendelea kuitegemea nguzo. Kutoka bodi ya zamani unavutwa mkondo mmoja, wenye breka yake, kwenda kwenye mlango wa kuingizia wa inveta. Kutoka mlango wa kutolea unakwenda kwenye bodi ndogo, na huko ndiko mwisho wa safari. Katikati inawekwa chenjiova ya mkono, ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja, ili inveta ikiharibika mwenye jengo aweze kuirudisha bodi ndogo kwenye nguzo bila kumwita mtu na bila kugusa waya. Swichi hiyo lazima iwe ya kuachia upande mmoja kabla ya kushika mwingine. Kwa muundo wake haiwezi kushika pande mbili kwa wakati mmoja, hata akiizungusha mtoto au mlevi.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni nyutro. Fundi anahamisha laivu za taa kwenda bodi mpya kwa sababu laivu ndiyo yenye breka na ndiyo inayoonekana, lakini nyutro zake anaziacha zimefungwa pamoja kwenye ubao wa bodi ya zamani. Umeme unatoka kwa njia moja na kurudi kwa nyingine. Kile kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kazi yake ni kulinganisha unaotoka na unaorudi, kinaona hesabu haitimii na kinakata. Kinakata tena na tena. Fundi aliyechoka anakiondoa, taa zinawaka, anapewa pesa zake. Kuanzia siku hiyo jengo halina kinga dhidi ya mshtuko, na hakuna atakayejua mpaka mtu aguse kitu. Dawa yake ni kazi ya saa moja: kufuatilia kila nyutro na kuipeleka iliko laivu yake. Sambamba na hiyo kuna waya wa ardhi. Nyutro ya nguzo imeshikanishwa na ardhi kule kwenye transfoma. Inveta ikijitenga na gridi, nyutro yake inaweza kubaki haina ardhi, na hapo hitilafu ya kwanza hujificha kimya, ya pili ndiyo inayomkuta mtu. Fundi anapaswa kujua inveta yake inalishughulikia vipi jambo hilo, kwa maana nyingine hufunga nyutro na ardhi zenyewe zinapojitenga na nyingine hazifungi, kisha achimbie nondo ya shaba na kuipima. Udongo wa delta wakati wa kiangazi hukauka na kupasuka. Nondo fupi iliyopima vizuri mwezi wa Mei huenda isifae mwezi wa Februari.

Upande wa betri nao una hesabu isiyosamehe. Kilowati tatu kwa volti 24 ni ampea 125. Kwa volti 48 ni kama 63. Ampea 125 si za waya ule unaouzwa kwa mita dukani kwa kufungia soketi, na viungio vilivyokazwa kwa koleo badala ya spana hupata moto hadi plastiki ikayeyuka. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi. Na upande wa paneli usitumie breka ya kawaida ya nyumba. Umeme wa mkondo mnyoofu haupumziki kama ule wa nguzo, ambao hushuka hadi sifuri mara 100 kwa sekunde na kuzima cheche yake wenyewe. Cheche ya paneli nne zilizofungwa mfululizo inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka isiyo yake mpaka ikaichoma.

Yupo pia anayesema kila kitu kimo ndani ya haibridi. Ndiye mpinzani ninayekutana na hoja yake mara nyingi zaidi, na anaaminika kwa sababu nusu ya maneno yake ni ya kweli. Ndani ya haibridi nzuri mna swichi ya kujitenga, na inafanya kazi. Lakini swichi hiyo inalinda ule mlango wa kuingizia tu. Fundi akiuchukua waya wa kutolea na kuurudisha kwenye bodi ileile ya zamani, ili "nyumba yote ipate," amezunguka mlinzi na kuingia kwa dirisha. Sasa mlango wa kutolea umeguswa na nguzo moja kwa moja, na swichi ya ndani haina habari. Kifaa kizuri kilichofungwa hivyo hakimlindi mtu.

Gharama ndilo pingamizi la mwisho, na halistahili kudharauliwa katika kaunti ambayo mkulima wa Kipokomo hupoteza mpunga na ndizi kwa mafuriko ya mwaka mmoja, na mfugaji wa Kiorma hupoteza ng'ombe kwa ukame wa mwaka unaofuata. Bodi ndogo, breka nne au tano, chenjiova, nondo ya ardhi na siku moja zaidi ya fundi ni fedha. Lakini ziweke mbele ya bei ya mtambo mzima. Mara nyingi ni sawa na kupunguza paneli moja. Na kuzigawa njia kunarudisha sehemu ya fedha hizo, kwa kuwa aliyetenga mambo ya lazima hugundua kwamba anahitaji inveta ndogo na betri ndogo kuliko alizoambiwa. Betri ya kulisha friji na taa si betri ya kulisha pasi. Anayeunganisha nyumba nzima hulazimika kununua mtambo wa nyumba nzima, au anunue mdogo uelemewe kila jioni na betri yake ife mapema. Kama fedha ni kidogo kabisa, afadhali asiguse mfumo wa nguzo: aweke taa na soketi za sola peke yake, na nyaya zake zisikutane na za stima mahali popote.

Mto una neno lake katika jambo hili. Mafuriko ya El Niño mwishoni mwa 2023, na ya masika ya 2024, yaliingia majumbani katika delta na kukaa. Kenya Power inaweza kukata laini maji yanapopanda. Paneli hazikatwi na mtu. Jua halina swichi. Kila asubuhi linapochomoza, waya unaoshuka kutoka kwenye bati unakuwa hai, hata kama ncha yake iko chini ya maji na familia imehamia kambini. Kwa hiyo swichi ya kukata umeme wa paneli iwekwe juu, karibu na paa, mahali anapofikia mtu aliyesimama kwenye ngazi, na iwe jambo la mwisho kuzimwa kabla ya kufunga mlango. Bodi zote mbili, inveta na betri vikae juu ya alama ya maji iliyobaki ukutani tangu miaka hiyo. Nyumba nyingi bado zina alama hiyo ya tope. Hakuna kipimo bora zaidi ya hicho. Nyaya zishuke kutoka darini, zisipande kutoka sakafuni. Na kwa kuwa tuko kama nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, paneli hazihitaji mwinamo mkubwa: nyuzi kumi au kumi na tano kuelekea kaskazini, ili mvua iondoe vumbi. Joto nalo lisisahauliwe. Betri za maji ya asidi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi kumi juu ya 25, na chumba kisicho na dirisha chini ya bati la Garsen huvuka kiwango hicho kwa urahisi.

Sheria ya nani afanye kazi hii si ngeni. Kanuni za mifumo ya sola za mwaka 2012, ambazo leo zinasimamiwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli, zinagawa leseni za mafundi katika madaraja matatu, na mfumo unaogusana na gridi ni kazi ya daraja la T3, lile la juu. Fundi aliyezoea kufunga paneli moja na taa tatu anaweza kuwa hodari sana katika kazi yake, na bado hii isiwe kazi yake. Ugumu ni kwamba mwenye T3 hakai kila kijiji, na kumtoa Mombasa au Malindi kuja Ngao au Kipini ni gharama ambayo mwananchi ataikwepa. Hapa ndipo ninapoitazama serikali ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa kaunti usambazaji wa umeme na usimamizi wa kawi katika ngazi yake, linaipa vyuo vya ufundi vya vijijini, na linaipa zahanati na vituo vya afya. Vitu vitatu hivyo viko chini ya mikono ileile. Kaunti inaweza kuandika katika kila zabuni ya sola ya zahanati kwamba malipo hayatoki mpaka bodi ziwe mbili, chenjiova ionekane, nondo ya ardhi ipimwe, na mchoro wa nyaya ubandikwe ndani ya mlango wa bodi. Inaweza kuwasomesha vijana wake wa Garsen, Galole na Bura mpaka wafike T3, wajifunzie kwenye majengo ya kaunti yenyewe. Jengo la umma likiwa na kazi nzuri ukutani, fundi wa mtaani ana mahali pa kuiga na mwananchi ana mahali pa kulinganisha.

Nawe uliye na fedha mkononi na fundi amesimama mlangoni na ngazi yake, usimwache apande kwanza. Mlete mbele ya bodi ya stima, umwambie akuoneshe kwa kidole waya wa inveta utaingilia wapi, na nini kitauzuia usifike kwenye nguzo. Akikuonesha swichi, mpe kazi. Akikwambia usiwe na wasiwasi, mlipe nauli yake aende.